Kiingereza kinatushinda kwenye "up" na "off", sio kwenye maneno makubwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, wiki nzima ni lawama, mara walimu wenyewe Kiingereza hawakijui, mara watoto hawasomi vitabu wako kwenye simu, mara lugha ya kufundishia ibadilishwe, yaani kila mtu ni mtaalamu. Mi nafundisha tuisheni ya Kiingereza huku Mbagala, mchana watoto wa sekondari, jioni watu wazima wanaotafuta kazi mahotelini na kwenye makampuni, na kitu ninachokutana nacho kila siku sijasikia mtu akikigusa kwenye hizo lawama zote. Watoto wetu hawashindwi na maneno makubwa. Mtoto wa kidato cha pili anakuandikia "extinguish", anakuandikia "postpone", hakosei hata herufi moja, afu unampa kitu ambacho mtoto wa chekechea kule London anakielewa, unamwambia moto unaungua jikoni na mama anapiga kelele "put it out", je mama anataka nini? Anakujibu bila wasiwasi, mwalimu, anataka uwekwe nje.

Put anaijua. It anaijua. Out anaijua. Sentensi hajui.

Hivyo ndivyo Waingereza na Wamarekani wanavyoongea kutwa nzima. Wanachukua kitenzi cha kawaida kabisa, vile vidogo vidogo vya nyumbani, put, get, take, give, go, come, turn, break, wanakibandika kielezi kifupi mgongoni, up au down au on au off au out au away, na hapo kinazaliwa kitenzi kipya ambacho hakifanani na wazazi wake. Darasani tunaviita frezo vebu. Chukua hiyo hiyo put ambayo sisi tunaijua kama weka. Put on ni vaa. Put off ni ahirisha, ila ukimwambia mtu chakula kime-"put you off" maana yake kimekukata hamu. Put out ni zima. Put up ni simamisha, kama hema, lakini ukim-"put up" mgeni umempa pa kulala. Put down ni weka chini, sawa, ila mtu akiku-"put down" mbele za watu amekudhalilisha, na daktari wa mifugo aki-"put down" mbwa ujue mbwa ndio basi tena. Put away ni kurudisha kitu mahali pake, au kumfunga mtu jela. Put through ni kumuunganishia mtu simu. Put up with ni vumilia, na hapo weka iko wapi? Haipo, hata ukiitafuta na tochi.

Na tusijione wajinga peke yetu. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alisema wazi kwenye utangulizi kwamba hii tabia ya kubandika kijineno nyuma ya kitenzi ndiyo inayowapa wageni shida kubwa kuliko zote kwenye lugha yao, na ndio maana alihangaika kuvikusanya kwa uangalifu. Mwaka 1755 huo! Na kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno lililokula kurasa nyingi kuliko yote halikuwa neno refu la kisayansi, lilikuwa "set", herufi tatu tu. Siku hizi wahariri wake wanasema "run" imeipita, kama kitenzi ina maana zaidi ya 600. Herufi tatu nayo. Sasa we nenda kaangalie daftari la mwanafunzi wako kama run ina maana ya pili.

Kwa nini tunaheshimu maneno marefu na kudharau haya mafupi? Historia ina mkono wake hapo. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya mahakama, Kilatini lugha ya kanisa na wasomi, mkulima akabaki shambani na Kiingereza chake cha put na get. Mwisho wa siku lugha ikabeba vyote viwili, cha ofisini na cha jikoni, kwa hiyo tangazo la ukutani linasema "extinguish" na mama jikoni anasema "put out", barua ya ofisi inasema "postpone" na mfanyakazi mwenzako anakuambia "they put it off". Shule zetu zilipokea kile cha ofisini. Ukimsikia kijana wa kwetu anaongea na mtalii anaongea kama hati ya kiwanja, anamuuliza "at what time shall you rise", mtalii wa watu anamuangalia tu, alizoea kuulizwa "what time do you get up".

Halafu kuna utamu hapa ambao wanafunzi wangu wanaupenda sana. Hayo maneno makubwa yenyewe ukiyapasua ndani unakuta ni mtindo ule ule! Kwenye Kilatini ponere ni kuweka, na post ni baada, kwa hiyo "postpone" ni weka baadae, put na kielezi chake tu, ila kimevaa suti. Afu kuna ndugu zake waliopita Kifaransa wakaja na mkia wa -pose. "Expose" ni kuweka nje. "Impose" ni kumuwekea mtu juu yake. "Depose" ni kuweka chini, ndio maana mfalme akipinduliwa wanasema hivyo. "Compose" ni kuweka pamoja na Waingereza wana "put together", "propose" ni kuweka mbele na wao wana "put forward", hoja ile ile kabisa. Yaani mtoto anakariri "propose" usiku kucha anaona ndio Kiingereza, "put forward" anaiona ya kihuni.

Sasa nije kwenye Kiswahili maana hapo ndipo ninapogombana na walimu wenzangu. Wanawaambia watoto kwamba haya mambo ni vituko vya Kiingereza, hayana maana, kariri tu. Sio kweli. Mhariri, gazeti lako lenyewe kila mwezi halikosi kichwa cha habari kinachosema mahakama yatupilia mbali rufaa ya fulani. Hivi hakimu ameenda wapi kuitupa hiyo rufaa, baharini? Hiyo mbali haina kilometa, ni kielezi kimeungana na kitenzi kikaleta maana ya kukataa moja kwa moja, na Mwingereza kwenye kesi hiyo hiyo anasema "throw out". Potelea mbali ni hivyo hivyo. Katilia mbali, ulia mbali, zote hizo mbali inamaanisha kabisa kabisa, hakuna kubaki. Na mtaani huku tuna ile ya kumpiga mtu chini. Dada kampiga jamaa chini, maana yake kamkataa au kamuacha, hakuna aliyeanguka. Siku niliyowaambia darasani kwamba "turn down" ni kupiga chini, kuomba kazi ukapigwa chini, kutongoza ukapigwa chini, darasa zima lilicheka na hakuna aliyeiandika, na mpaka leo hakuna aliyeisahau.

Sisi kawaida kazi hiyo tunaifanya zaidi kwa mkia wa kitenzi, weka, wekea, wekeza, funga, fungua, fungia, au kwa kubandika jina baada ya piga. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga kura, piga magoti, piga chafya, na katika wote hao hakuna aliyepigwa. Mzungu anayejifunza Kiswahili anateseka na piga kama sisi tunavyoteseka na put. Tofauti ni kwamba wao wakija kujifunza wanafundishwa piga wiki za mwanzo kabisa, kwa sababu bila piga huwezi kuishi Dar hata siku moja.

Na kuna kingine, hizi frezo vebu tunazo kwenye midomo yetu tayari, tumezikaribisha bila kuwauliza jina. Mekapu. Chekapu. Pikapu. Pushapu. Bakapu, ambayo kila mtu anaikumbuka siku simu imeibiwa. Nokauti. Lokdauni, hii tuliijua vizuri 2020 tukisikiliza habari za majirani Rwanda na Uganda. Kipilefti ya barabarani ni amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto, kitenzi na kielezi chake, sisi tukaisoma kwenye kibao tukaona ndio jina la ule mzunguko wenyewe. Na brekidauni ndio inanifurahisha kuliko zote, maana kwa Waingereza ni gari kuharibika, sisi tukalipa jina hilo lile gari linalokuja kuburuza lililoharibika, yaani tumemuita daktari kwa jina la ugonjwa. Mwanafunzi anayejua brekidauni ni nini, dakika mbili unamfundisha "the bus broke down", hahitaji kukariri chochote. Lakini nani anaanzia hapo? Tunaanzia kwenye orodha ya frezo vebu hamsini zimepangwa kwa alfabeti, mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanakopi, Ijumaa jaribio, Jumatatu zimeyeyuka.

Njia ninayoitumia mimi ni kuwafundisha vielezi vyenyewe kazi yake. Off, kwa mfano, ni kuachana na kitu ulichokuwa umegusana nacho. Ndege "takes off", imeachana na ardhi. Viatu una-"take off", vimeachana na mguu. "Get off" basi, umeachana na basi. "Switch off" taa, umeme umeachana nayo. On ni kinyume, kugusana na kuendelea, get on, put on, switch on, carry on, hold on. Up ni juu, hilo wanalijua, lakini up ina kazi ya pili ya kumaliza kitu mpaka mwisho, eat up, drink up, use up, tear up, ndio maana Mwingereza mti anau-"cut down" kwanza ukishalala ndio anau-"cut up". Ukimpa mtoto funguo tano sita za namna hiyo anaanza kubahatisha mwenyewe na mara nyingi anapatia. Sio zote, nisidanganye mtu, "put up with" hakuna ufunguo unaoifungua, hiyo unaipokea kama ilivyo. Na wenyewe pia wana vichekesho vyao, fomu moja Muingereza ana-"fill in" na Mmarekani ana-"fill out" na wote wawili wamejaza, nyumba iki-"burn down" au iki-"burn up" majivu ni yale yale.

Vibanda umiza navyo vinafundisha kuliko tunavyokubali. Jumamosi jioni nenda kibanda chochote kinachoonyesha ligi ya Uingereza kwa mtangazaji wa Kiingereza, utakuta dogo ambaye kwenye karatasi ya mtihani ni sifuri tupu, lakini refa akitoa kadi nyekundu anaruka na mtangazaji kwa pamoja, "he's been sent off!" Anajua "kick off". Anajua sabu anayeingia ana-"come on" na anayetoka ana-"come off" au wame-"take him off". Mshambuliaji akikwatuliwa kwenye boksi anajua "brought down" na anajua inayofuata ni penati. Hajafundishwa na mtu, amesikia kitendo akakiona hapo hapo na macho yake, mara mia. Mi huwa nachukua hizo hizo ndio zinakuwa somo la Jumatatu, na wazazi wengine wanalalamika eti mwalimu anafundisha mpira.

Kuna mtu atasema hizi ni lugha za mtaani, ofisini hazina kazi. Kijana mmoja anayesoma kwangu jioni aliomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini, akaitwa intavyuu Alhamisi. Jumatatu jioni ikaingia meseji, "your interview has been brought forward to Tuesday". Akaisoma, akaielewa kwa Kiswahili, kwamba intavyuu imesogezwa mbele. Na sisi kitu kikisogezwa mbele si kimeahirishwa? Mkutano umesogezwa mbele, harusi imesogezwa mbele, maana yake bado bado. Akajua ni Jumanne ya wiki inayofuata, akapeleka suti kwa dobi, akalala vizuri. Kumbe kwa Mwingereza "bring forward" ni kukileta kitu karibu, kiwahi, Jumanne ni kesho yake! Na kinyume chake "put back", ambayo sikio la Kiswahili linasikia kurudisha nyuma, yaani kuwahisha, ndiyo kuahirisha kwenyewe, Wamarekani nao wanasema "push back" kitu hicho hicho. Sisi muda tunauona uko mbele yetu tunausogelea, kwa hiyo kusogeza mbele ni kukipeleka kitu mbali zaidi, wao kwenye msemo huu ni kama vile tukio ndilo linavutwa lije walipo. Kijana alifika hotelini wiki moja baadae amependeza kweli kweli, akaambiwa nafasi imeshapata mtu. Angeandikiwa "advanced" au "rescheduled to an earlier date" angeelewa, hayo ndiyo tuliyomfundisha shuleni. Ila ofisi haikuandika hivyo, na wala haikukosea, imeandika Kiingereza cha kawaida.

Kidogo kuhusu sarufi afu niache, maana hapa hata waliosoma wanaanguka. Unaweza kusema "put off the meeting" na unaweza kusema "put the meeting off", zote sawa. Lakini ukiweka it lazima ikae katikati, "put it off", ukisema "put off it" umeshajulikana. Sasa mwanafunzi akishaijua sheria hiyo anaipeleka kila mahali, anasema "look him after", na hapo anaharibu tena, kwa sababu after kwenye "look after" ni kihusishi, kimemshika yule mtu anayetunzwa, hakihami, ni "look after him" siku zote. Sikiliza Waingereza wakiongea, kwenye "put it off" sauti inapanda kwenye off, kwenye "look at him", ambapo at nayo ni kihusishi, sauti iko kwenye look na at inapita kimya kimya. Mara nyingi sikio linakuambia kabla ya kitabu. Na sisi huku Afrika Mashariki tuna mazoea yetu, tunazidondosha pale zinapotakiwa, "I will pick you at the airport", up imebaki Mbagala, afu tunazichomeka pale zisipotakiwa, "cope up with". Mi binafsi hilo silipigii kelele sana, tunaelewana wenyewe kwa wenyewe kutoka Nairobi mpaka Mbeya, ila mtu ajue tu kwamba akifika kwingine watamuangalia.

Ombi langu kwa wanaotunga mitihani, wekeni hivi vitu kwenye ufahamu na kwenye mazungumzo, sio lile swali la kujaza nafasi iliyoachwa wazi na up au off ambalo mtoto anapatia kwa kubahatisha nusu kwa nusu. Kwa walimu wenzangu, acheni alfabeti, shikeni kitenzi kimoja kwa wiki mzunguke nacho sokoni, jikoni, kwenye daladala, kwenye simu. Kwenye simu hasa, maana simu zenyewe zimejaa, sign up, log in, log out, back up, scroll down, na mtoto kashazibonyeza zote kabla hajaja darasani. Hata "hang up" ya kukata simu ina hadithi yake nzuri, simu za zamani ukimaliza kuongea ulikuwa unakining'iniza kile cha kusikilizia kwenye ndoano yake, ukimwambia mtoto hivyo haisahau.

Na kwako Mhariri, ukurasa wa elimu una nafasi ya kutosha ya salamu na matangazo ya vyuo, sioni kwa nini kusiwe na kona moja ya kitenzi kimoja kila wiki, kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea. Mimi najitolea kuiandika bure miezi mitatu ya mwanzo, tuanze na "get", maana put leo nimeshaila karibu yote.

Mwalimu wa tuisheni,
Mbagala, Dar es Salaam.